Goti la Karani

Mchombe, Jumapili, 4 Januari 1998

Daftari hili ameniachia mwanangu Polycarp alipokuja Krismasi. Anasema niandike ili mkono usisahau kazi. Mkono wa kulia haujasahau kitu; kilichopigwa ni upande wa kushoto, mkono na mguu, tangu Oktoba. Kiharusi kina adabu kidogo, kimemwachia karani mkono wake wa kuandikia.

Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo mpaka nilipostaafu. Nimeandika uongo wa watu wengi kwa mwandiko mzuri. Basi hapa nitaandika kama nilivyozoea: nani kasema nini, na mimi nimemsadiki kiasi gani.

Siku ya kutoka hospitalini Ifakara, muuguzi alinikunjua goti la kushoto, nikapiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. Akasema, "Mzee, goti hili likikaa limekunjwa namna hii mpaka mavuno, litakauka hivyo hivyo. Hapo hata tukilivuta wanne halinyooki." Akasema kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayezunguka vijijini, kwetu atapita Alhamisi kila baada ya wiki mbili, kuanzia katikati ya Januari, na jina langu ameshapewa. Mke wangu Getrude alikuwa nje akihangaikia usafiri, hakuna aliyemwonyesha namna ya kunishika.

Kuhusu goti namsadiki yule muuguzi. Kuhusu mtaalamu, tusubiri.

Jumatano, 7 Januari

Watu wanakuja kunitazama. Wanasema "pole" huku macho yanazunguka: bati, redio, kopo la mkojo chini ya kitanda. Leo mmoja kaniuliza kama nimemkosea mtu. Nikamwambia nimemkosea Mungu kwa kumfungulia yeye mlango.

Nimepata dawa yao. Huku kwetu watu wakihamia shamba msimu wa kulima hukingamisha mti mlangoni, na kila mtu anajua maana yake: wenyewe hawapo, wako bondeni kwenye vibanda vyao mpaka kazi iishe. Mlango wenye mti haubishwi wala haukaribiwi, maana kitu kikipotea, aliyeonekana hapo ndiye mwizi. Kesi za namna hiyo nimeziandika mpaka kidole kikaota sugu. Mwaka huu Getrude hawezi kuhamia shamba kwa ajili yangu, anatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Nimemwambia kila akitoka akingamishe mti mlango wa mbele, yeye apitie uani.

"Baba Polycarp, watu watadhani tumehama."

"Wadhani. Ndiyo dawa yenyewe."

Ijumaa, 9 Januari

Hakuna aliyekuja. Raha.

Alhamisi, 15 Januari

Siku ya mtaalamu. Nilikaa kwenye ufa wa dirisha tangu Getrude alipotoka. Dirisha silifungui, nani anataka kuonekana kachuchumaa kama kuku anayetaga.

Alikuja kabla ya adhuhuri. Kijana wa miaka thelathini na kitu, baiskeli ya Kichina, magongo mawili yamefungwa nyuma kwa mpira. Anashuka na basi la Mlimba, baiskeli juu ya keria, halafu anazunguka. Alisimama njiani mbele ya nyumba yangu. Aliitazama. Mzee Severini, fundi uashi aliyevunjika kiuno, alikuwa anapita na fimbo yake. Wakazungumza, Severini akaelekeza mkono upande wa bondeni. Kijana akatikisa kichwa, akavuka njia, akaingia kwa Sayi.

Sayi ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia, Msukuma aliyekuja na ng'ombe zake miaka sita iliyopita. Mwaka jana dume la plau lilimbana kwenye zizi, nyonga ikateguka.

Sikumwita yule kijana. Mimi siiti mtu, jina langu analo.

Jumamosi, 17 Januari

Getrude anauliza, "Amekuja?" Nikasema amepita. "Kupita si kuja," akasema. Hilo nalijua, nilikuwa naandika hukumu.

Alhamisi, 29 Januari

Amepita tena. Safari hii hata hakusimama. Mbuke, mke wa Sayi, alimpokea na kibuyu cha maziwa ya mgando, na kijana akanywa bila kupumua. Sasa naanza kuelewa. Mimi sina ng'ombe.

Wengine walikuwepo pale uwanjani: Severini, na mwanamke wa kule mwisho wa kijiji mwenye mkono uliokakamaa kwa kuungua. Severini ni Mndamba mwenzangu, tulikwenda kipaimara pamoja, na ameweza kuvuka njia kwenda kukaa kwenye uwanja wa mgeni bila kugeuza shingo huku kwangu. Nimeliweka hilo mahali pake.

Jumanne, 3 Februari

Mvua. Getrude amerudi na tope mpaka mapajani. Redio inasema mvua hizi zina jina, El Niño. Kitu kikipewa jina la kizungu ujue hakitapungua.

Alhamisi, 12 Februari

Wamelaza miti miwili mirefu uwanjani kwa Sayi, juu ya panda zilizochimbiwa, sawa na kiuno. Sayi anaingia katikati, anaishika huku na huku, anatembea. Mwezi uliopita alikuwa anabebwa kama gunia. Leo katembea mpaka mwisho wa miti, wakampigia makofi, akageuka.

Niliona wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nililia kidogo pia.

Ijumaa, 13 Februari

Nimejitibu mwenyewe. Nililaza mguu juu ya kigoda, nikaweka kifuko cha mchanga juu ya goti ili literemke taratibu. Liliteremka kwa ghafla. Getrude alinikuta sakafuni, goti limevimba kama boga, nimemwambia nilikuwa nafukuza panya.

Jumapili, 15 Februari

Uvimbe. Sikwenda kanisani, kama kwamba ningekwenda.

Alhamisi, 26 Februari

Jana majivu, leo Kwaresma siku ya pili, na bwana mkubwa kanywa kibuyu kizima. Jina lake nimelijua sasa, Venance. Jina la Kikristo, tena. Getrude anasema labda mtu aliyetoka Ifakara alfajiri hana dhambi akinywa maziwa. Getrude angefaa kuwa wakili wa wezi.

Goti nimelipima kwa kiganja: kutoka nyuma ya goti mpaka kitandani nikilala chali, pengo limeongezeka. Mpunga nao umefika kiunoni. Tunashindana, mimi na mpunga.

Jumapili, 1 Machi

Jioni amekuja Eustaki, mtendaji wa kijiji, kunijulia hali. Getrude alikuwa amesharudi, mti umeondolewa. Eustaki ni mtu wa kuitikia kila kitu, lakini kinachoingia sikioni mwake hakilali humo. Ndiyo maana nilimwambia.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba. Eustaki, wewe ni serikali hapa. Huyu mtu wa mazoezi anatibu kijiji au anatibu zizi?"

"Kivipi, mzee?"

"Jina langu lilitoka hospitalini. Tangu Januari anapita mlangoni kwangu anaingia kwa Sayi, anapewa maziwa, anakaa mpaka basi linarudi. Wenye ng'ombe wananyooshwa viungo, wasio na ng'ombe wanakauka. Sisemi ni rushwa. Nasema nimeona kibuyu."

Eustaki alikuna kidevu. "Hili ni zito. Nilifikishe?"

"Lifikishe linapofika."

Getrude alikuwa anapepeta mchele uani. Alipomsindikiza mgeni akarudi, akasema, "Kumwita tu ungemwita."

Nikamwambia haki haiitwi kwa dirisha.

Alhamisi, 12 Machi

Kapita. Kibuyu kama kawaida.

Jumatano, 18 Machi

Mvua siku nzima. Daraja la magogo kwenye njia ya Mlimba linasemekana linacheza.

Jumapili, 22 Machi

Kona ya shamba letu imelazwa na kukanyagwa, mpunga umeliwa mpaka kwenye tope. Nikasema hapo hapo: ng'ombe wa Sayi. Tunapigwa pande mbili, mtaalamu na ng'ombe.

Getrude akasema, "Baba Polycarp, ni kiboko. Nimeona nyayo."

"Umeona nyayo kwenye maji?"

"Kiboko ana vidole vinne. Mimi nimezaliwa bondeni hapa, wewe umezaliwa ofisini."

Nimeandika maelezo yake kama alivyoyatoa. Siyapingi. Najiuliza tu kiboko huyo alipita wapi mpaka akaruka shamba la Sayi lililo jirani, likabaki zima.

Jumatatu, 23 Machi

Shamba la Sayi nalo limeliwa. Getrude kapita kuangalia. Basi.

Alhamisi, 26 Machi

Venance kaja kwa miguu, suruali imekunjwa, baiskeli kaiacha pale njia ilipokatika. Alikaa muda mfupi. Hakutazama huku. Mimi sasa natambaa kwenda uani kwa makalio, kanga ya Getrude nimeitandika chini nisichubuke. Mtu mzima na wajukuu.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo si siku yake, lakini mambo yamekuwa mengi, naandika yote.

Nilikuwa uani, nimekaa chini karibu na jiko nikiota jua lililotoka kwa bahati. Nikasikia majani ya uzio yanasukumwa. Nikadhani mbuzi. Akatokea Mbuke, fimbo ya kuchungia mkononi, tope miguuni. Aliponiona alishtuka akarudi nyuma.

"Baba! Kumbe upo?"

"Nipo. Wewe unafanya nini uani kwa mtu?"

"Shikamoo." Alipiga goti kidogo, wanavyofanya kwao. "Natafuta ndama."

"Marahaba. Ndama haingii kwenye nyumba yenye mti mlangoni."

"Mti gani?"

"Uliokingama pale mbele. Hujui maana yake?"

"Nauona kila siku. Kwetu mti mlangoni ni wa kuzuia kuku." Alitazama mguu wangu, kisha kanga niliyokalia, na uso wake ukabadilika. Sikuupenda ule uso. Nilijua nitauona tena nikifumba macho.

Akasema, "Bwana Venance alikuulizia mara ya kwanza kabisa. Alisema ana jina la karani. Mzee Severini akamwambia, nyumba ina mti, wamehamia shamba, mpaka mavuno. Kila akija anauliza, karani amerudi? Tunamwambia mti bado upo."

Mwenye kuandika mashtaka ya watu kwa miaka yote ile, na huu ushahidi ulikuwa umeegemea mlango wangu mwenyewe kila asubuhi.

Nilimwuliza kwa nini watu wote wanakusanyika kwake. Alisema ni Venance mwenyewe aliyeomba. Yuko peke yake kwa bonde lote, Idete, hapa, na kwingine, na basi halimngoji; kuingia nyumba kwa nyumba hawezi. Uwanja wao ni mpana, miti ya mazizi ipo, na gari la ng'ombe linaweza kuwafuata wasiotembea. Wagonjwa wanakaa pamoja, anawashika mmoja mmoja, na aliyemleta mgonjwa anafundishwa kumshika siku ambazo yeye hayupo.

"Na maziwa?"

"Mgeni asinywe?" Aliniuliza hivyo kwa mshangao wa kweli, au wa kuigiza vizuri sana.

Akasema gari litakuja kunichukua Alhamisi ijayo. Nikamwambia nitafikiri. Akaondoka kwa njia aliyojia. Ndama sikumwona, wala sikusikia akimwita.

Sasa, kwa nini huyu mwanamke ananitakia mema? Watu hawaruki uzio wa mtu kwa wema.

Siku hiyo hiyo, jioni

Nimemweleza Getrude. Alikaa chini na jembe bado begani.

"Mimi nilisema watu watadhani tumehama," akasema.

"Ulisema."

"Nimekuwa nakufungia nje mganga wako kwa mkono wangu mwenyewe." Akalia kwa hasira, si kwa huzuni. "Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiyo nguo."

Alitoka, akauchukua ule mti, akaupasua kuni.

Jumapili, 5 Aprili, Matawi

Nimemwita Eustaki. Nimemwambia: yale maneno niliyokupa, yafute, yule kijana hana kosa.

"Karani," akasema, "wewe unajua kuliko mimi. Shauri likishapanda juu haliondolewi kwa kusema samahani. Na lilipokelewa vizuri! Wamesema wanataka wananchi wenye macho kama wewe."

Alidhani nitafurahi.

Alhamisi, 9 Aprili

Venance hakuja. Daraja limekwenda na maji, watu wanavushwa kwa mtumbwi. Au si daraja.

Gari la Mbuke lilifika mlangoni hata hivyo. Nikasema mtaalamu mwenyewe hayupo, nije kufanya nini. Nilikuwa naona haya, basi, hakuna sababu nyingine.

Jumatatu, 13 Aprili

Pasaka imepita. Getrude anashinda kwenye ulingo wa kuwinga ndege, anatoka giza anarudi giza. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Goti halijanyooka hata unene wa ukucha.

Alhamisi, 23 Aprili

Amebisha mlangoni. Mlango wangu! "Hodi hapa kwa karani." Nilijibu karibu mpaka sauti ikapasuka.

Kwa karibu Venance ni mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye ufa, na ana macho ya mtu asiyelala. Alisalimia vizuri, shikamoo na yote, lakini hakucheka. Akalaza mkeka, akanilaza, akaushika mguu. Mikono yake ina joto. Tangu Oktoba hakuna aliyenigusa mguu ule kama mguu.

"Umechelewa, mzee," akasema. "Januari lingekuwa jambo jepesi."

"Linanyooka?"

"Lote sidhani. La kusimamia, ndiyo, kama litavutwa kila siku. Likiachwa wiki mbili, linarudi."

Akavuta. Sitaandika nilichosema.

Alipomaliza alikunja mkeka, akakaa kwenye kiti. Getrude alikuwa ameniachia uji kwenye chupa, nikamkaribisha. Alikataa.

"Nimekatazwa kula na kunywa kwa wagonjwa. Nimekatazwa pia kukusanya watu uwanjani. Kila mgonjwa nimfuate kwake. Kutoka basi mpaka basi napata nyumba moja, njia ikiwa nzuri mbili. Na nimeagizwa nianze na mlalamikaji."

"Na wengine?"

"Watasubiri zamu."

Kupitia dirisha, ambalo sasa liko wazi, niliwaona. Severini amekaa juu ya gogo. Yule mama wa mkono ulioungua. Sayi amesimama kati ya ile miti yake, anashika, haendi. Walikuwa wanatazama baiskeli iliyoegemea ukuta wangu.

"Mti niliuweka mimi," nikamwambia. "Nilikuwemo ndani siku zote. Sikutaka watu."

Venance alikaza kamba ya mkeka wake. Nilitegemea acheke au anitukane.

"Na maziwa niliyanywa," akasema. "Nilikuwa na njaa. Hayo umesema kweli."

Alipanda baiskeli akaenda zake, na uwanjani kwa Sayi hawakuinuka mpaka alipopotea.

Alhamisi, 30 Aprili

Getrude akirudi amechoka anajaribu kuvuta kama nilivyomwelekeza. Anaogopa nikipiga kelele, anaacha. Ndege wanamngoja alfajiri.

Alhamisi, 7 Mei

Venance kaja. Goti limefunguka, nimesimama nimeshika fremu ya mlango, kisigino kikagusa sakafu upande mmoja. Niliona kijiji kutoka kwenye urefu wangu wa zamani.

Nilimwomba leo aanze kwa Sayi. Akasema, "Mzee, nina watoto. Nimeshaandikwa vibaya mara moja." Nilimwomba mara moja tu. Alipokataa nilifurahi. Naandika hivyo nisije nikajisomea baadaye nikajiona mtakatifu.

Ijumaa, 8 Mei

Sayi alianguka jana jioni akijaribu peke yake nje ya miti. Hakuvunjika. Getrude kapeleka ndizi.

Alhamisi, 21 Mei

Amekuja kuaga. Huku kwetu hospitali haitamtuma tena. Kwa nyumba mojamoja wamepiga hesabu wakaona safari ndefu kwa watu wachache, bora mtaalamu abaki mjini, mgonjwa amfuate. Nikamwuliza Sayi atamfuata vipi, au yule mama, au mimi, kwa basi gani la kupanda kwa mguu mmoja. Akasema hata yeye aliuliza.

"Ni kwa sababu yangu?"

"Si kwako tu. Ule uwanja ndio uliokuwa unawafanya wawe wengi. Walipotazama wakaona nyumba mbili." Akafunga mkeka wake. "Mfundishe mama."

Mama yuko kwenye ulingo akipigia ndege debe. Nitamfundisha saa ngapi?

Alivuka njia kuwaaga wale wengine. Hakuingia, alisimama nje ya uzio wa miiba. Mbuke alimletea kibuyu, akakipokea na kukishika kwa mikono miwili, na mbele ya kijiji kizima akanywa mpaka mwisho. Safari hii nilimwombea kisiishe.

Jumatano, 27 Mei

Wameanza kuvuna. Kila nyumba mti mlangoni. Kimya.

Alhamisi, 4 Juni

Goti linarudi. Kisigino hakigusi.

Jumapili, 7 Juni

Mbuke tena, tena kwa uani, ingawa mlango wa mbele uko wazi. Safari hii hakusema habari ya ndama.

"Shikamoo baba. Keshokutwa gari litakuja. Usilirudishe."

"Marahaba. Venance hayupo, mama. Kuna nini huko?"

"Kuna watu."

Nikaona nimalize. Nikamwambia, "Mbuke, aliyepeleka yale maneno juu ni mimi."

"Tunajua. Eustaki alituambia hata Pasaka haijafika." Alichora chini kwa fimbo yake. "Siku ile sikuwa natafuta ndama. Eustaki alisema karani amelalamika, nikasema, mtu aliye shamba anaonaje kibuyu changu? Nikaja kuangalia kama nyumba ina mtu. Nikimkuta, nimtukane."

"Mbona hukunitukana?"

"Ulikuwa umekalia kanga chini." Akainuka. "Keshokutwa."

Leo sitalala usingizi mzuri. Mtu anayejua ulichomfanyia na bado anakuletea gari, huyo wa kuogopwa.

Jumanne, 9 Juni

Nimekwenda.

Ng'ombe wawili walinivuta kuvuka njia ambayo kwa mguu mzima ni kama kutema mate. Getrude aliacha uvunaji asubuhi hii, akapanda nami, akanishika kiuno kama bibi harusi wa zamani. Severini alisogea kwenye gogo akanipa nafasi. Yule mama wa mkono alisema kitu, na sitakiandika, alikuwa na haki.

Sayi yuko kwenye ngozi ya ng'ombe, mrefu, mkimya. Akasema, "Karani, karibu mahakamani." Watu wakacheka. Nilicheka baadaye kidogo.

Anayeshika watu sasa ni Mbuke. Alijifunza kwa kumshika mumewe, na mengine anayakisia. Sayi anasema Venance alikuwa anaweka mkono juu ya goti, Mbuke anasema chini, Severini anasema vyote viwili. Walibishana juu ya mguu wangu kama juu ya mpaka wa shamba, mpaka Getrude akasema jamani, mgonjwa ni huyu. Mwishowe walikubaliana juu. Getrude akaambiwa akae karibu, atazame, kisha ashike.

Mbuke akapiga magoti, akaweka paja langu chini ya kiganja chake, akakamata kisigino. Venance alikuwa akivuta polepole huku anazungumza. Huyu alivuta kama anayetoa ndama tumboni. Niliona nyota mchana. Nilishika mkono wa mtu, ukawa wa Severini.

"Inauma?" akauliza Mbuke.

"Inauma."

"Vizuri," akasema, akavuta tena.

Getrude naye akashika, akaogopa, Mbuke akaweka mikono yake juu ya mikono ya Getrude, wakavuta pamoja. Waliponiinua kwenye ile miti miwili kisigino kilikuwa kinaning'inia bado, lakini chini kuliko jana. Wanasema tutakutana kila siku mpaka mavuno yaishe, halafu tutaona. Huenda halitanyooka kamwe, hakuna aliyeniahidi.

Nashuku Mbuke anavuta kuliko inavyotakiwa, na nashuku anajua. Sijalalamika.